Nyumbani si Kwetu: Uhakiki wa Sababu Zisizo za Kifedha za Kumiliki Mapumziko kwa Zamu

Ikisiri

Makala hii inahakiki sababu zisizo za kifedha zinazotolewa na watu wanaomiliki nyumba za mapumziko kwa zamu, hasa nyumba zilizofungamanishwa na bustani za burudani za Disney huko Florida. Inadai kwamba wakosoaji wa kihesabu wamezikataa sababu hizo kwa haraka mno, ilhali wauzaji wamezitumia kwa wepesi mno. Kwa kuongozwa na dhana ya zamu, kama inavyoishi katika ikimina cha Kamembe na katika mifereji ya maji ya Oman, makala inaonesha ni sababu zipi zina uzito na ni zipi zinazovunjika zinapohojiwa, na jambo hilo lina maana gani kwa wanaopanga matumizi ya ufuo wa Ziwa Kivu.

1.0 Utangulizi

Umiliki unaojadiliwa hapa ni wa namna ya pekee. Mnunuzi hanunui nyumba, wala hakodi chumba. Ananunua haki ya kukaa katika nyumba ya mapumziko kwa siku kadhaa kila mwaka, kwa muda wa miaka iliyotajwa katika mkataba. Na pamoja na haki hiyo anapokea wajibu wa kulipa ada ya matunzo kila mwaka, asafiri asisafiri. Siku zinazobaki ni za wenzake asiowajua. Katika makala hii tutauita umiliki wa zamu.

Utaratibu huu ulizaliwa Ulaya katika miaka ya 1960. Hapimag ilianzishwa Uswisi mwaka 1963, na muda si mrefu baadaye kituo cha michezo ya theluji cha Superdévoluy, katika milima ya Alps ya Ufaransa, kikaanza kuwauzia wageni wake majuma badala ya kuwakodishia vyumba. Mwaka 1974 ilianzishwa nchini Marekani kampuni ya RCI, iliyowawezesha wamiliki kubadilishana zamu baina ya kituo na kituo. Kampuni ya Disney iliingia katika biashara hiyo mwaka 1991, miaka 20 baada ya kufungua bustani yake karibu na Orlando, na badala ya juma maalumu ikachagua mfumo wa pointi. Mwanachama hupata kiasi cha pointi kila mwaka, kisha huzitumia kununulia usiku. Usiku wa msimu wa watu wengi hugharimu pointi nyingi kuliko usiku wa msimu mtulivu.

Msomaji ana haki ya kuuliza jambo hili linaingiaje Kamembe, mji wa mpakani ambao burudani yake ya Jumapili ni kuteremka hadi Cyangugu kutazama ziwa na taa za Bukavu ng'ambo. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, Rwanda imeupanga ufuo wa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, kuwa ukanda wa utalii. Na msitu wa Nyungwe, ambao msafiri wa Kamembe huupita kila anapokwenda Kigali kwa njia ya Huye, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Mahali penye ziwa, msitu na barabara nzuri hapachelewi kufikiwa na muuzaji wa zamu. Pili, Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na lugha rasmi haina budi kuwa na maneno ya kuhoji mikataba kabla mikataba yenyewe haijafika.

2.0 Hesabu na kiburi chake

Hoja ya mkosoaji wa kihesabu ni fupi, na katika eneo lake ni sahihi. Ada ya matunzo hupanda. Haki iliyonunuliwa hupungua thamani mara tu mnunuzi anapotia sahihi. Katika vituo vingi vya kawaida, zamu iliyotumika huuzwa kwa bei ya mtumba uliochakaa, na wakati mwingine mwenye nayo hutafuta mtu wa kumpa bure asimpate. Zamu za Disney hushika bei vizuri zaidi, lakini nazo zina siku ya mwisho: haki katika kituo cha kwanza cha mwaka 1991 zinakoma tarehe 31 Januari 2042, isipokuwa kwa wale waliolipia nyongeza ya miaka 15. Aliyenunua ili apate faida amekosea mlango.

Tatizo linaanza pale mkosoaji anapovuka kutoka katika hukumu hiyo kwenda katika hukumu nyingine, kwamba aliyenunua bila kutafuta faida ni mjinga au amerogwa na muuzaji. Hapo hesabu inageuka kiburi. Sisi tunaokaa na ibimina tuna sababu ya kuitilia shaka hukumu ya namna hiyo, maana tumekwisha kuiona ikianguka.

Ikimina ni kikundi cha watu wanaochanga kiasi kilekile kila juma au kila mwezi, na jumla ya michango hupewa mmoja wao kwa zamu. Tanzania watu husema upatu au mchezo, Kenya husema chama, na ng'ambo ya Mto Rusizi wenzetu husema likilimba. Kwa hesabu tupu, anayepokea mwisho amewakopesha wote waliomtangulia bila riba. Angeweka fedha zake benki, angekuwa na kitu kidogo zaidi. Mwaka 1962 Clifford Geertz aliandika kwamba vikundi vya namna hii ni kipandio cha kati cha ngazi: jamii hukikanyaga ikitoka katika uchumi wa kijiji kwenda katika uchumi wa benki, kisha hukiacha. Zaidi ya miaka 60 imepita. Leo muuza samaki wa Kamembe ana akaunti katika simu yake, na mkononi ana daftari la ikimina. Hajakiacha kipandio kwa sababu hakukipanda ili afike benki. Alikitaka kwa ajili ya watu watakaomuuliza Jumamosi, "Mama fulani, mbona hukuja?"

Watafiti wa uchumi walichukua miongo kadhaa kuukubali ukweli huo kuhusu wanawake wa sokoni. Haielekei kwa nini tuukatae pale mwenye zamu ni mwalimu wa Ohio.

3.0 Kalenda inayomfunga mtu

Wamiliki wanapoulizwa kwa nini walinunua, hutaja mambo mengi: jiko na vyumba vya kutosha ili bibi na wajukuu walale chini ya paa moja, watoto waliopimwa kimo chao dhidi ya nguzo ileile mwaka baada ya mwaka, kuepushwa na usumbufu wa kuchagua pa kwenda. Yapo ya kweli na yapo ya kujifariji. Lakini chini ya yote huwa kuna sababu moja ambayo hutajwa kwa haya kidogo: nisingelipa mapema, nisingepumzika kabisa.

Hiyo ndiyo sababu yenye uzito kuliko zote. Mchumi Richard Thaler ameeleza jinsi watu wanavyoigawa fedha yao katika mifuko ya moyoni, ambayo kwa nadharia haifai kutenganishwa. Fedha ya karo si fedha ya nyama, hata kama noti ni zilezile. Mwenye zamu ametengeneza mfuko wa mapumziko na kuushona mdomo. Kwa mtu anayefanya kazi katika nchi isiyo na sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri kumpa likizo yenye malipo, kama ilivyo Marekani, kamba hiyo ina manufaa. Amejifunga kwa hiari ili asishawishiwe na mwajiri wake, na pengine ili asishawishiwe na nafsi yake.

Kufunga kalenda si jambo geni kwetu. Rwanda imeitenga Ijumaa ya kwanza ya Agosti kuwa siku ya Umuganura, sikukuu ya mavuno, na familia hujipanga kuzunguka siku hiyo. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa humrudisha nyumbani kila Julai mtu ambaye mjini alikuwa na visingizio mia. Tofauti ni kwamba huko kinachomfunga mtu ni macho ya jamaa zake. Mwenye zamu ya Florida amelazimika kuinunua kamba ambayo wengine huzaliwa nayo. Kumcheka ni kumcheka yatima kwa kukodi mtu wa kumsimulia habari za babu yake.

Picha hiyo si ya mbali na Rusizi kama inavyodhaniwa. Mwaka 1994 uliacha familia nyingi bila nyumba ya kurudia: kwa wengine nyumba ilibomolewa pamoja na waliokuwamo, kwa waliorejea kutoka Kongo, Burundi, Uganda na Tanzania baada ya miongo ya ukimbizi, nyumba ya babu ilikuwa hadithi tu. Familia hizo, ambazo sasa zina matawi Brussels na Montreal, zinapotaka kukutana, swali la kwanza huwa ni wapi. Mara nyingi jibu ni hoteli, na kila mara hoteli nyingine. Watoto wao hawana nguzo ya kupimia kimo. Mtu akiwaambia kwamba wanaweza kumiliki pamoja, kwa zamu, nyumba moja kando ya ziwa, watakaposikiliza hawatakuwa wakisikiliza habari za faida.

4.0 "Karibu nyumbani"

Katika vituo vya Disney vya umiliki wa zamu, mfanyakazi wa mapokezi humsalimu mwanachama kwa maneno ambayo Kiswahili chake ni "Karibu nyumbani". Salamu hiyo imekuwa alama ya biashara yenyewe, na wamiliki wengi huitaja kwa mapenzi miongoni mwa sababu zao zisizo za fedha. Ni hapa, kwa maoni yangu, ambapo sababu hizo zinaanza kuvunjika. Na Kiswahili kinatusaidia kuona ufa ulipo.

Kiingereza kina neno moja tu mahali ambapo Kiswahili kina mawili. Nyumbani ni mahali penye nyumba. Mtu anaweza kuwa nyumbani kwa mtu. Kwetu ni jambo jingine. Hata mtu mmoja peke yake husema kwetu, kwa wingi, kwa sababu mahali hapo hapawi pake mpaka pawe pa wenzake pia. Kinyarwanda hufanya vivyo hivyo kwa iwacu. Mfanyakazi wa mapokezi anaweza kusema "Karibu nyumbani" bila kusema uongo mkubwa. Hawezi kusema "Karibu kwetu", kwa kuwa yeye anaishi mbali na hapo kwa kodi anayoijua mwenyewe, na atakapostaafu hatakuwa na usiku hata mmoja katika nyumba anazozisafisha. Wala mgeni hawezi kumjibu "Nimefika kwetu", kwa kuwa hajui ni nani wengine waliomo katika hilo "-etu".

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii hufundishwa kama onyo kwa mgeni mvivu. Isomwe pia kutoka upande wa pili: jembe ni heshima. Siku anapopewa jembe, mgeni huacha kuhudumiwa na kuanza kuhesabiwa. Mwenye zamu hukaa miaka 30 bila kupewa jembe. Hafagii, hapaki rangi, haulizwi mti gani ukatwe. Jembe lake limegeuzwa ankara ya ada ya matunzo. Hiyo ndiyo starehe aliyoinunua, na haifai kuidharau, lakini starehe hiyo na dai la kuwa nyumbani haziwezi kusimama pamoja. Ni mgeni wa kudumu aliyelipia jina la mwenyeji.

Hoja ya urithi ina kasoro ya jamaa hiyohiyo. Wauzaji husema: utawaachia watoto. Wanachoachiwa watoto, katika mkataba unaokoma 2042, ni mabaki ya miaka na ada inayopanda. Familia ya Kizanzibari iliyoweka nyumba wakfu iliwaachia wajukuu kitu kisichouzika na kisichokwisha, na kwa sababu hiyo ikahitaji msimamizi, ambaye leo ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Migogoro ya warithi wa wakfu ni mingi, na hakuna anayeisimulia kama hadithi tamu. Lakini wagombanao ni ndugu, na wanajua wanagombania nini.

5.0 Zamu na wenzi wa zamu

Kuna wanaodhani kwamba kumiliki muda badala ya kitu ni uvumbuzi wa kibiashara wa karne ya 20. Nchini Oman, ambako maelfu ya wasemaji wa Kiswahili walihamia baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na wengi zaidi tangu 1970, watu wamemiliki muda kwa karne nyingi. Mfereji wa falaji huleta maji kutoka chini ya mlima hadi mashambani, na hakuna anayemiliki maji yenyewe. Kinachomilikiwa ni zamu ya kuyafungulia. Kipimo chake, athari, ni kama nusu saa. Athari hurithiwa, huuzwa, hukodishwa na huwekwa wakfu kwa msikiti. Zamani saa yake ilikuwa kivuli cha kijiti mchana na nyota usiku, na katika vijiji kadhaa kijiti hicho bado kinatumika. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza mifereji mitano ya namna hiyo katika Urithi wa Dunia, mmojawapo ukiwa Daris, huko Nizwa.

Mambo mawili katika falaji yanatuhusu. La kwanza ni kwamba baadhi ya zamu ni za mfereji wenyewe: hupigwa mnada na fedha yake hutumika kuukarabati. Matunzo hayaletwi kama ankara kutoka ofisi ya mbali. Yanatoka katika muda uleule unaogawanywa, mbele ya macho ya wote. La pili ni kwamba mwenye zamu anamjua anayemtangulia na anayemfuata, kwa kuwa ndiye anayemfungia na kumfungulia maji. Wakili wa falaji akikosea, atakutana na waliodhulumika jioni hiyohiyo msikitini.

Tukirudi Florida, tunakuta umbo limepinduliwa. Mmiliki anaruhusiwa kuweka nafasi katika kituo chake mwenyewe miezi 11 kabla, na katika vituo vingine miezi 7 kabla. Siku dirisha linapofunguka, maelfu huwania nyumba zilezile chache. Wenzi wa zamu hukutana, lakini kama washindani wasioonana. Kila mmoja amefungwa kwa kampuni. Hakuna aliyefungwa kwa mwenzake. Inastahili kusemwa kwamba wamiliki wenyewe wameuhisi upungufu huo, wakaunda jumuiya zao za kushauriana, kuazimana pointi na hata kusafiri pamoja. Walichokiunda bila mkataba ndicho ambacho mkataba haukuwapa.

Kwa hiyo kigezo ninachokipendekeza katika kuzipima sababu zisizo za kifedha si ukweli wa hisia za mmiliki. Hisia ni za kweli karibu kila mara. Kigezo ni nani anayeishika kamba. Mtu aliyejifunga ili apumzike, au ili akutane na nduguze, ameweka rehani kitu ambacho hakiwezi kuhamishwa kwa urahisi. Kumbukumbu za watoto haziendi na mzazi katika kituo kingine. Anayejua hivyo anaweza kupandisha ada akijua kwamba huyu hataondoka, na kadiri sababu zisizo za fedha zilivyo na nguvu, ndivyo mkono huo unavyopata nguvu. Thorstein Veblen, aliyeandika mwaka 1899 kuhusu watu wanaostarehe ili waonekane, hatufikishi hapa. Wengi wa wenye zamu hawataki kuonekana na yeyote, na wanalipia upendo wao kwa riba.

6.0 Ufuo wa Kivu

Sheria za Ulaya zimeushughulikia umiliki huu kama tatizo la taarifa. Agizo la mwaka 1994, na lililochukua nafasi yake mwaka 2008, yanamtaka muuzaji aeleze kila kitu kwa maandishi, na agizo la pili linampa mnunuzi siku 14 za kughairi. Ni kinga njema, na mshauri wa sera wa Afrika Mashariki angefanya vyema kuianza mapema. Lakini inamlinda mtu aliyekosea hesabu. Haimlindi yule aliyehesabu vizuri, akajua kwamba atapoteza fedha, akanunua hata hivyo kwa ajili ya mama yake. Huyo haitaji siku 14. Anahitaji sauti katika ada ya mwaka wa 15, na mlango wa kutokea usiomwachia mtoto wake deni.

Rwanda ina zana za kumpa vitu hivyo. Sheria ya mwaka 2010 kuhusu majengo yenye wamiliki wengi imeshaukubali umiliki wa sehemu ndani ya kitu kimoja, na vyama vya ushirika vina wakala wake wa taifa. Ushirika wa walimu 40 unaomiliki nyumba moja juu ya Cyangugu, nyuma ya zile mita 50 za ufuo ambazo kanuni ya mazingira inazihifadhi, ungekuwa umiliki wa zamu kwa kila maana ya neno, na kila mwenye zamu angemjua anayemfuata. Ungekuwa pia na kelele nyingi zaidi kuliko kituo cha Florida. Vikao vingechelewa. Mtu angeacha sufuria chafu, na mwingine angelisema jambo hilo mbele ya wote.

Mtihani wake ungekuwa juma la Umuganura, ambalo wote 40 wangelitaka. Mfumo wa pointi hulitatua hilo kwa kulipandisha bei juma lenyewe, na mwenye kidogo akabaki nje kimyakimya. Ikimina hupiga kura mwanzoni mwa mzunguko, kisha huruhusu zamu ibadilishwe kwa msiba, kwa harusi, kwa mtoto aliyelazwa, baada ya mwenye shida kusimama na kuieleza. Anayeandika kanuni za umiliki wa namna hii katika ukanda wa Kivu aanze na kifungu hicho cha kubadilishana zamu, kabla ya kifungu cha bei, na akiandike kwa Kiswahili na Kinyarwanda ambacho mama wa daftari la ikimina anaweza kukisoma na kukipinga.